Sampuli Isiyo na Anwani Ni Hasara kwa Mwekezaji Mdogo

Mnunuzi wa ufuta anayefika Kilwa au Lindi hanunui maneno ya muuzaji. Huchoma bambo ubavuni mwa gunia, humwaga punje kiganjani, huangalia rangi, mchanga na unyevu, ndipo hutaja bei. Akitokea mwenzake wa kubisha, gunia lipo na namba yake ipo. Bambo litachomwa tena. Imani ya soko la mazao imesimama juu ya uwezo huo wa kurudia.

Katika biashara ya gesi na madini, ambayo sasa inagusa mifuko ya watu wengi wa kusini, kurudia si rahisi hivyo. Sampuli yenyewe haionekani kwa macho bali kwa hadubini. Mwekezaji huonyeshwa picha moja nzuri ndani ya taarifa, naye hana njia ya kujua ilipigwa sehemu gani ya jiwe gani. Hapo ndipo penye kasoro, na dawa yake si ghali.

Mfano wa karibu uko Kilwa kwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanajiolojia wa Tanzania na Uingereza, wakishirikiana na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC), walichoronga mashimo katika maeneo ya Kilwa na Lindi. Miamba waliyoipata imepewa majina ambayo kila dereva wa barabara ya kusini anayajua: Nangurukuru, Kivinje, Masoko na Pande. Ndani ya udongo huo mzito wa mfinyanzi, usiopitisha maji kwa urahisi, mlikuwa na magamba ya viumbe wadogo wa baharini yaliyobaki maangavu kama kioo kwa mamilioni ya miaka. Magamba ya pwani hii yalisaidia kuonyesha, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, kwamba bahari za tropiki za zamani hizo zilikuwa na joto kubwa kuliko ilivyodhaniwa.

Kwa mfanyabiashara, faida ya magamba hayo ni nyingine. Kila tabaka la mwamba lina viumbe wake, kwa hiyo anayewatambua hujua umri wa tabaka ambalo keekee imefika. Kampuni za mafuta na gesi duniani hutumia elimu hiyo kuamua kisima kiendelee au kisimame. Pwani iliyogunduliwa gesi ya Songo Songo mwaka 1974, na kuanza kuipeleka Dar es Salaam mwaka 2004, haiwezi kuiona elimu hiyo kuwa mchezo wa maprofesa.

Ugumu wake ni wa kutafuta. Kioo cha kawaida cha hadubini kina urefu wa milimita 75 na upana wa milimita 25. Baadhi ya visukuku vya Kilwa vina upana wa elfu tano tu ya milimita, yaani 0.005. Kioo kimoja kina nafasi milioni 75 za ukubwa huo. Mtaalamu akikiona kisukuku kwa hadubini ya mwanga, kisha akahamishia kioo kwenye hadubini ya elektroni ili akitazame kwa undani, meza ya mashine ya pili haina habari na namba za mashine ya kwanza. Huanza kutafuta upya, na siku inakwisha.

Zamani tatizo hili lilipunguzwa kwa kioo maalumu kiitwacho England Finder, kilichochorwa miraba yenye herufi na namba. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na programu za kompyuta. Mtumiaji huweka alama tatu zisizohama kwenye kioo au kwenye kishikio chake. Kila hadubini ikishasoma majira ya nukta hizo tatu, kompyuta hupiga hesabu ya kugeuza namba za mashine moja kuwa za nyingine, na meza husogea hadi karibu kabisa na mahali panapotakiwa. Kampuni ya ZEISS ya Ujerumani huuza programu ya namna hiyo pamoja na hadubini zake. Kwa kuweka alama, maelezo na vipimo juu ya picha, ipo ImageJ, iliyoanzia katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani mwaka 1997, ambayo hutolewa bure.

Wapo watakaosema kwamba mchele ukiwa mbovu, mizani mpya haisaidii. Ni kweli. Mwaka 1997 kampuni ya Bre-X ya Kanada, ambayo hisa zake zilikuwa zimefikia thamani ya zaidi ya dola bilioni 6 za nchi hiyo, ilianguka baada ya kugundulika kuwa dhahabu ilitiwa ndani ya sampuli zake za Busang, Indonesia. Hakuna programu ambayo ingemzuia mtu kutia dhahabu ndani ya mfuko. Lakini hadubini ilikuwa miongoni mwa mashahidi: chembe nyingi zilikuwa za mviringo, kama dhahabu ya mtoni, si ya mwambani. Isitoshe, kampuni hiyo ilikuwa ikisaga kinyweleo chote cha jiwe badala ya kutunza nusu, na hivyo hapakuwa na cha kurudia. Wenye hisa wadogo ndio waliobaki na karatasi.

Funzo hilo linaihusu Ruangwa pia, mkoani Lindi, kwenye madini ya kinywe. Bei ya kinywe hutegemea sana ukubwa wa magamba yake; makubwa huuzwa ghali kuliko madogo. Anayechagua pembe nzuri ya kioo na kuipiga picha anaweza kulipamba jiwe la kawaida. Picha yenye majira yake humruhusu mkaguzi kwenda kwenye nukta ileile, na muhimu zaidi, kwenda kwenye nukta asizochaguliwa.

Kwa hiyo kinachotakiwa ni utaratibu kabla ya mashine. Kila picha inayoingia katika taarifa ya kuuza hisa iwe na namba ya kisima na kina, namba ya kioo, kipimo cha ukubwa, na majira ya nukta kutoka alama tatu zinazojulikana. Picha ya asili itunzwe bila kuguswa, na maelezo yawekwe kando. Nusu ya jiwe ibaki nchini. Vijana wa vyuo wanaojua hesabu za kidato cha nne wanaweza kufundishwa kazi hiyo kwa kompyuta ya kawaida, na vioo vilivyopelekwa ng'ambo vikabaki na kumbukumbu zake hapa.

Mwekezaji mdogo naye asisubiri sheria. Akiletewa taarifa yenye picha za kuvutia, aulize swali moja la sokoni: gunia hili liko wapi, na bambo laweza kuchomwa tena? Asipojibiwa, pesa yake ikae mfukoni.