Kabla Shule Hazijafunguliwa, Tuwaangalie Watoto Wenye Pumu

Ndugu zangu mnaolea watoto Birmingham, kuanzia Small Heath na Sparkbrook hadi Aston na Handsworth, nawaandikia kuhusu jambo linalorudi kila mwaka katika majira yale yale. Shule hufunguliwa mwanzoni mwa Septemba. Wiki mbili au tatu baadaye watoto wenye pumu huanza kufikishwa hospitali kwa wingi, kiasi kwamba wahudumu wa afya wa Uingereza wana jina la kipindi hicho: wiki ya 38.

Chanzo kikubwa ni mafua. Virusi vinavyoyaleta mara nyingi, rinovirusi, viko aina zaidi ya 160, na hadi leo havina chanjo. Kwa mtoto mwingine huishia puani na kwenye leso. Kwa mwenye pumu hushuka hadi kwenye njia za hewa ambazo tayari zimevimba kwa ndani, zikabana na kujaa makamasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995, uliofuatilia watoto wa miaka 9 hadi 11 huko Southampton, ulikuta virusi katika asilimia 80 hadi 85 ya vipindi ambavyo hali ya vifua vyao ilizidi kuwa mbaya. Kwa hiyo tusiseme "ni mafua tu" juu ya mtoto mwenye pumu.

Sisi Waswahili tuna la ziada. Agosti ni mwezi wa kwenda nyumbani. Mtoto anacheza juani Zanzibar, Mombasa au Bujumbura, hakohoi hata usiku, na bibi anashukuru kuwa mjukuu amepona, kumbe tatizo lilikuwa baridi ya Ulaya. Pampu ya kuzuia, ile ambayo kwa watoto wengi ni ya kahawia, inabaki begini. Namwelewa bibi, maana anasema anachokiona. Lakini dawa ya pampu hiyo hutuliza uvimbe polepole, siku baada ya siku, na ikiachwa kinga yake hupungua na haijengeki tena kwa usiku mmoja. Mtoto anatua Birmingham bila kinga, na baada ya siku chache yuko darasani na wenzake wanaopiga chafya.

Kuna pia maneno tunayorithishana, kwamba pampu humzoesha mtoto, kwamba inaua moyo, kwamba itumike pale tu mambo yanapokuwa mabaya. Maneno haya yanatugharimu. Ripoti ya kitaifa ya mwaka 2014 ilichunguza vifo 195 vya pumu hapa Uingereza, 28 kati yake vikiwa vya watoto na vijana walio chini ya miaka 20, na ikaona kwamba karibu nusu ya vifo hivyo vingeweza kuzuilika. Miongoni mwa kasoro ilizozitaja ni wagonjwa kutegemea mno pampu ya bluu ya kufungua kifua huku ile ya kuzuia wakiitumia kidogo mno. Mtoto akihitaji ya bluu mara kwa mara, huo ni ujumbe kwamba aonwe na daktari.

Kwa walio chini ya miaka 5 daktari anaweza kusita kutamka neno pumu, kwa sababu wadogo wengi hupiga mluzi kifuani wakipata mafua kisha wakaacha wanapokua. Usigombane naye juu ya jina. Mwombe mpango ulioandikwa: dawa gani kila siku, gani akizidiwa, na lini upige simu. Kama Kiingereza ni kizito, omba mkalimani. Hulipi, na si kazi ya mtoto wako mkubwa kutafsiri. Dawa za walio chini ya miaka 16 nazo ni bure. Na tusidai antibiotiki kwa mafua, haziui virusi.

Chanjo ya homa ya mafua, ambayo si mafua ya kawaida, ipo kila vuli. Ile ya kupulizwa puani ina jelatini ya nguruwe, na najua Waislamu wengi huirudisha fomu ya shule bila kusaini. Ipo sindano isiyo na jelatini hiyo. Iulizie, usiache mtoto bila chochote. Mama mjamzito naye, kuanzia wiki ya 28, hupewa chanjo ya RSV, virusi vinavyoshambulia vifua vya wachanga, tangu Septemba 2024. Humkinga mtoto katika miezi yake ya mwanzo.

Nyumbani, nawasihi tupunguze udi na ubani chumba alipo mtoto mwenye pumu, hasa akiwa na mafua. Moshi ni moshi, hata ukinukia. Na kama kuta zina kuvu, mwandikie mwenye nyumba, uhifadhi nakala. Awaab Ishak alikuwa na miaka 2 tu alipofariki Rochdale mwaka 2020 kwa sababu ya kuvu nyumbani kwao, na sheria yenye jina lake sasa inawabana wenye nyumba za umma.

Akizidiwa je? Ngozi ikiingia kati ya mbavu, akishindwa kumaliza sentensi, au midomo ikibadilika rangi, piga 999 mara moja. Mkalishe wima, mpe pampu ya bluu kupitia kichupa chake cha plastiki, pumzi moja kila nusu dakika hadi dakika moja, zisizidi 10, isipokuwa mpango wake unasema vingine. Usisubiri baba arudi kutoka kazini.

Walimu wa madrasa, shangazi, majirani mnaowapokea watoto baada ya shule: ulizeni leo pampu ya mtoto iko wapi na jinsi ya kuitumia. Nanyi wazazi, wiki hii pigeni simu kwa daktari wenu muombe miadi ya pumu, na pampu ya kuzuia ianze tena kabla kengele ya shule haijalia.