Kikopo cha Mtoto wa Chekechea: Kaunti Zina Funguo, Mbona Hazifungui?

Jumatatu moja muhula huu, binti yangu wa miaka mitano alirudi kutoka chekechea na kikopo chake kimejaa vilevile nilivyokijaza asubuhi. Ndani mlikuwa na vipande vya muhogo wa kuchemsha na embe lililokatwa. Nikamuuliza, "Mbona hukula, mama?" Akainama. "Baba, wamenicheka. Wanasema nimeleta chakula cha maskini." Kisha akaniomba kesho yake nimtilie krips na juisi ya paketi kama wenzake.

Ndugu msomaji, nilitaka kucheka, nikashindwa. Mimi nimelelewa kwa muhogo. Wengi wetu wa rika langu tulipelekwa chuoni alfajiri na kipande cha muhogo au kiazi kitamu mkononi, na hakuna aliyetucheka maana kila mmoja alikuwa nacho. Leo mtoto wa Mswahili, katika mji uliozungukwa na minazi, miembe na mashamba ya mihogo, anaona haya kula kinachotoka ardhini kwao. Nikajiuliza, haya hii imetoka wapi, na nani anafaidika nayo?

Asubuhi ya pili nilifika mapema nikasimama langoni. Nje palikuwa na meza tatu. Kulikuwa na krips za pakiti za shilingi kumi, biskuti za krimu, peremende, mabuyu yaliyopakwa rangi nyekundu mpaka vidole vya watoto vimekuwa kama vya bibi harusi, barafu za rangi na juisi za sacheti. Meza moja tu ilikuwa na ndizi, nazo zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi kwa kukosa mnunuzi. Kila mtoto alikuwa na sarafu yake.

Tusidanganyane kwamba hiki ni kitu kidogo. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nguvu anayoipata mtu kwa siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Tupige hesabu. Mtoto wa miaka minne au mitano huhitaji takriban kalori 1,300 kwa siku. Asilimia 10 yake ni kama gramu 32 za sukari, yaani vijiko vidogo vinane. Asilimia 5 ni vijiko vinne tu. Soda moja ya mililita 300 hukaribia kumaliza vile vinane peke yake. Na mtoto wetu huyu ameshakunywa chai ya sukari nyumbani, na jioni atakunywa tena. Halafu twashangaa meno ya mbele yameoza kabla hajaingia darasa la kwanza, twasema ni minyoo ya meno.

Hiyo ni sukari iliyozidi. Upande wa pili wa shilingi ni lishe iliyopungua, na huku Pwani hali ni ya kutia uchungu. Uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya lishe duni ya muda mrefu. Mwaka 2014 ilikuwa asilimia 26, kwa hivyo nchi imepiga hatua. Lakini kaunti iliyoongoza kwa kudumaa ni Kilifi, kwa asilimia 37. Kilifi ya maembe, korosho, nazi na samaki! Zaidi ya mtoto mmoja kati ya watatu.

Niseme ukweli, kudumaa huanza mapema, tumboni mwa mama na katika miaka miwili ya kwanza. Kikopo cha chekechea hakiwezi kurudisha kimo kilichopotea. Lakini mtoto wa miaka minne bado anajenga damu, mifupa na akili. Mtoto mwenye upungufu wa damu husinzia darasani, na mwalimu humwita mvivu. Aliyekula peremende saa nne, njaa humrudia kabla ya saa sita akawa mkali na mlizi. Sisi twamchapa, kumbe ni tumbo linalosema.

Nilizungumza na mwalimu wa darasa. Aliniambia neno lililonikaa moyoni. "Baba, wewe unalalamikia muhogo uliorudi. Mimi nina watoto ambao hawaleti kikopo wala sarafu. Saa nne wenzao wakila, wao huomba ruhusa waende kunywa maji. Wanakaa bombani mpaka kengele ilie."

Hapo nikaelewa kwamba haya ya binti yangu na njaa ya wale watoto ni jambo moja. Maadamu kila mtoto anakula kwa mfuko wa babake, kitafunio kitakuwa cha kujipambanua nani anacho na nani hana. Anayeleta pakiti inayong'aa atamcheka anayeleta muhogo, na anayeleta muhogo atamwangalia asiye na kitu. Dawa yake si kila mzazi kununua kikopo kizuri zaidi. Dawa ni watoto kula kitu kimoja, kwa pamoja, katika sahani zinazofanana.

Sasa tuje kwa wakubwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya lishe ya msingi. Jedwali la Nne la Katiba hiyohiyo limezikabidhi serikali za kaunti elimu ya chekechea. Hilo wengi walijua. Lakini someni orodha yote. Kaunti ndizo zilizopewa kilimo. Kaunti ndizo zilizopewa masoko. Na katika huduma za afya, kaunti ndizo zilizopewa kutoa leseni na kusimamia wanaouzia umma chakula. Shamba, soko, meza ya langoni na darasa lenyewe, vyote vinne viko chini ya gavana mmoja. Kaunti imeshika funguo nne katika kishada kimoja, na bado mlango umefungwa.

Nikisema hivi nitaambiwa hakuna pesa, na mgao kutoka Nairobi unachelewa. Ni kweli unachelewa, kila mwaka twasikia magavana wakilia. Lakini Nairobi hiyohiyo, mwaka 2023, ilianzisha mpango wake wa Dishi na County, ambapo mzazi huchangia shilingi tano kwa sahani na kaunti ikalipa zilizobaki, chekechea za umma zikiwemo. Una wakosoaji wake na mapungufu yake, lakini umethibitisha jambo moja, kwamba mzazi wa kipato cha chini yuko tayari kutoa kidogo akiona sahani inafika kwa mwanawe. Shilingi tano ni nusu ya ile pakiti ya krips.

Na sisi tuliozaliwa zama za maziwa ya Nyayo, yaliyoanza 1979, twajua upande wa pili pia. Yale maziwa tuliyapenda, nayo yakafa, kwa sababu yalisimama juu ya amri ya mtu mmoja na hazina moja. Mpango wa kaunti ukisimama juu ya picha ya gavana kwenye gunia la unga, utaondoka naye. Ukisimama juu ya sheria ya bunge la kaunti na bajeti inayojulikana, utabaki. Wawakilishi wadi wetu waulizwe hili kabla hawajaja kutuomba kura 2027.

Kiwe kitu gani, basi? Si lazima kiwe cha ajabu. Kikombe cha uji wa wimbi uliochanganywa na unga wa soya au maziwa. Siku nyingine kiazi kitamu cha kuchemsha, hasa kile cha rangi ya chungwa chenye vitamini A. Siku nyingine kunde au mbaazi za nazi na kipande cha mkate. Msimu wa maembe uko hapa, maembe yanaozea Malindi na Magarini huku watoto wa Kisauni wananunua juisi ya unga yenye picha ya embe. Papai, chungwa na pera husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye nafaka na kunde. Chai hufanya kinyume, kwa hivyo tuache kuwapa watoto chai pamoja na chakula. Hata ubuyu wenyewe, ule unga mweupe bila rangi wala sukari, una vitamini C. Tulichoharibu ni ile rangi tuliyoupaka.

Tahadhari mbili kwa akina mama na akina baba. Joto letu si la mchezo. Yai, maharagwe au maziwa yaliyotiwa kwenye kikopo saa kumi na mbili asubuhi na kukaa kwenye mkoba mpaka saa nne au tano yanaweza kuharibika, kwa hivyo vyakula hivyo ni bora vipikwe shuleni. Vya kutoka nyumbani viwe tunda la kumenya, muhogo, kiazi au chapati kavu. Pili, karanga nzima na korosho nzima si za mtoto wa chini ya miaka mitano, zinaweza kumkaba. Zisagwe, zitiwe kwenye uji.

Sehemu nyingine ya kazi hii haitaki hata senti ya serikali. Watoto wengi mno wa mjini wako katika chekechea za kibinafsi na madrasa, ambazo mpango wa kaunti huenda usizifikie leo. Wazazi wa darasa moja wakikubaliana orodha ya wiki, Jumatatu tunda, Jumanne muhogo, Jumatano uji wa kuchangia, hakuna mtoto atakayechekwa. Na asiyeweza kuchangia afunikwe na wanaoweza, kimya kimya, bila jina lake kusomwa. Sisi hulishana Ramadhani kwa sinia za futari misikitini. Hatushindwi na kikombe cha uji cha saa nne.

Dini yetu haikutosheka na kusema tule cha halali. Imeongeza na kizuri. Twakagua pakiti kutafuta alama ya halali, jambo jema, lakini twaishia hapo. Peremende haina nguruwe, ni kweli, lakini je, ni njema kwa mwili wa mtoto tuliyepewa amana? Ningependa kuisikia khutba moja ya Ijumaa juu ya neno hilo la pili.

Nilirudi langoni siku ya tatu kwa yule bibi wa mabuyu, maana sikutaka kuandika juu yake bila kumsikia. "Shikamoo, bi." "Marahaba, mwanangu." Nikamweleza nia yangu. Akaniangalia kwa muda, akasema, "Mimi nauza kinachonunuliwa. Nilileta mahindi ya kuchemsha mwaka jana, yakarudi nyumbani nikala na wajukuu. Mkisema watoto wasinunue mabuyu, niambieni mtanunua nini, nikawapikie."

Hilo ndilo swali, na si yeye tu anayengoja jibu. Askari wa kaunti wakija kumvunjia meza tutakuwa tumemnyima riziki mjane bila kumshibisha mtoto hata mmoja. Lakini kaunti ikimpa leseni ya kupika uji na viazi vya chekechea hiyohiyo, ikamfundisha usafi na kumkagua, meza yake itabaki na watoto watakula.

Wiki iliyofuata tulikutana wazazi saba katika darasa la binti yangu. Tulitarajiwa thelathini. Tumeanza na siku moja tu, Jumatano, uji wa kuchangia, na bibi wa langoni ndiye anayeupika. Jumatano ya kwanza mwalimu aliniambia wale watoto wa bombani walikuwa wa kwanza kumaliza, wakaomba tena. Zimebaki siku nne za wiki. Hizo, waheshimiwa wa kaunti, tunawaulizeni nyinyi.