Kuhamahama garini: Tajiri husifiwa, maskini hutozwa faini

KWA mtazamo wa haraka, hakuna maisha yanayovutia kama ya mtu aliyeuza nyumba, akanunua gari lenye ukubwa wa matatu ya abiria 14, akang'oa viti, akatia kitanda, jiko la gesi na tangi la maji, kisha akashika njia bila ratiba. Leo analala kando ya ziwa, kesho jangwani. Akipendezwa na mahali, anakaa bila kuulizwa na mwajiri wala mwenye nyumba.

Nchini Marekani, maisha hayo yalipata umaarufu zaidi baada ya janga la corona mnamo 2020 kuwafunza wengi kwamba kazi nyingi za ofisini zaweza kufanyiwa popote penye intaneti.

Hata hivyo, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nyuma ya picha hizo za kupendeza pana swali ambalo mahakama za nchi hiyo zimelazimika kulikabili: Je, anayelala garini ni msafiri, mkazi au mhalifu?

Ugumu wa swali hilo unatokana na ukweli kwamba wahamaji hao si kundi moja. Wapo waliochagua. Wapo pia waliosukumwa na mtikisiko wa uchumi wa 2008, walipopoteza nyumba kwa benki au akiba zao za uzeeni zikayeyuka.

Mwanahabari Jessica Bruder aliandama kundi hili la pili kwa muda mrefu na kuchapisha kitabu, Nomadland, mnamo 2017. Alieleza habari za wazee waliopaswa kuwa wamestaafu, wakihama na misimu kufuata vibarua: kuvuna viazisukari, kusafisha kambi za watalii na kufungasha bidhaa katika maghala ya Amazon. Filamu iliyotokana na kitabu hicho ilituzwa Oscar ya filamu bora mnamo 2021.

Kwa watu kama hao, mwendo wa pole si falsafa bali ni hesabu ya mafuta. Anayehesabu kila lita huhama pale tu anapolazimika.

Na sheria humlazimisha. Katika sehemu kubwa ya ardhi ya umma iliyo chini ya serikali kuu magharibi mwa nchi, mtu huruhusiwa kupiga kambi siku 14 tu, kisha aondoke. Ndiyo sababu maelfu humiminika kila msimu wa baridi katika jangwa la Quartzsite, jimboni Arizona. Huko yametengwa maeneo ambako kwa miaka mingi kibali cha kukaa kuanzia Septemba 15 hadi Aprili 15 kiligharimu dola 180 (takriban Sh23,000).

Lakini jangwani hakuna hospitali kubwa wala ajira nyingi. Mgonjwa na mtafuta kazi hawana budi kurudi mjini, na huko ndiko matata yaliko.

Mji mdogo wa Grants Pass, jimboni Oregon, ulipiga marufuku kambi katika maeneo ya umma, na sheria yake ikahesabu kuwa kambi hata gari linalotumiwa kama makao ya muda. Faini ilianzia dola 295 (takriban Sh38,000). Miongoni mwa waliokwenda kortini kuipinga alikuwamo mwanamke aliyekuwa akiishi garini mwake.

Mnamo Juni 28, 2024, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, majaji sita dhidi ya watatu, kwamba kutekeleza marufuku ya aina hiyo si adhabu katili inayokatazwa na katiba. Jaji Sonia Sotomayor alipinga, akishikilia kuwa usingizi ni hitaji la mwili, si kosa la jinai.

Uamuzi huo haukufunga milango yote. Mnamo 2021, Mahakama ya Juu ya jimbo la Washington ilikuwa imetambua kwamba gari laweza kuwa makao yanayolindwa na sheria, na kwamba gharama alizotozwa mkazi mmoja baada ya gari lake kuvutwa zilipita kiasi.

Ni kweli kwamba miji ina malalamiko ya haki. Maji machafu humwagwa barabarani na maegesho huzibwa. Lakini faini haijengi choo. Santa Barbara, California, ilionyesha njia nyingine tangu 2004 kupitia mpango unaowapa wanaoishi garini maegesho salama ya usiku, huku wakisaidiwa kutafuta nyumba.

Bara la Afrika linalijua suala hili vyema, kwani wakoloni walileta sheria za uzururaji zilizomgeuza mtu asiye na makao kuwa mshukiwa. Kenya ilifuta Sheria yake ya Uzururaji mnamo 1997. Nayo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni mnamo Desemba 4, 2020, kwamba sheria za aina hiyo zinakiuka Mkataba wa Afrika.

Msingi wa maoni hayo ni kwamba mtu aadhibiwe kwa alilotenda, si kwa hali aliyomo. Aliyestaafu na pensheni nono na aliyefukuzwa nyumbani kwake wanaweza kuegesha magari yao bega kwa bega usiku mmoja. Iwapo polisi watagonga dirisha la mmoja tu, kosa lake litakuwa umaskini.