Kiwanja Hukaguliwa Chini ya Majani

BARZA YA JUMAPILI
Na Abdulrahman Sefu Mwinyikai
Shiling, Guangzhou

Yeyote afikaye Shiling mwanzo wa mwezi wa Aprili, ilhali amezoea kwamba mvua ni jambo lenye mwanzo na mwisho, hustaajabu kuona mji mzima umelowa siku ambayo hata tone moja halikuanguka. Pepo zenye unyevu zitokazo bahari ya kusini huzikuta kuta na sakafu zingali na baridi ya miezi iliyotangulia, na papo hapo kuta zikatoa jasho, vigae vikateleza, na wenye maghala ya ngozi, ambao ndio roho ya mji huu wa mikoba, wakafunga madirisha na kuwasha mashine za kukausha hewa kwa hofu ya ukungu. Hufuata manyunyu ya siku nyingi, kisha mvua kubwa zenye ngurumo, na hali huwa hivyo, kwa kuzidi na kupungua, hadi mwezi wa Juni. Wafanyabiashara wetu wa Kariakoo, wa Eastleigh na wa Kikuubo, ambao huja huku kununua mabegi kwa jumla na aghalabu huiunganisha safari yao na maonyesho makubwa ya Guangzhou yafunguliwayo katikati ya Aprili, wanaijua taabu hii vyema.

Nia yangu leo ni kunena juu ya ardhi, wala si juu ya ngozi. Wilaya ya Huadu, ambayo Shiling ni mmoja wa miji yake, ina viwanja vya gofu vyenye sifa, na mashuhuri miongoni mwao ni vile vya Ziwa la Jiulong. Na mpita njia atazamaye viwanja vya wilaya hii mwezi huo wa Aprili kutoka dirisha la gari huona kijani kitupu kilichooshwa kikang'aa, akahukumu kwamba mvua imevineemesha. Hukumu hiyo ni ya haraka. Mnunuzi aliyepevuka hapa Shiling haupimi mkoba kwa kuutazama usoni: huupindua ndani nje, akaikagua bitana, akauvuta mshono kwa vidole viwili, ndipo akataja bei. Kiwanja kilichotoka katika majira ya machipuko yenye mvua kinastahili kukaguliwa vivyo hivyo, kwa maana dhahiri yake haisemi kweli ya batini yake.

Sababu ya hayo ni tabia ya majani yenyewe. Viwanja vingi vya kusini mwa China vimepandwa ukoka, na si ukoka wowote tu, bali aina zilizozalishwa na wataalamu wa Tifton, katika jimbo la Georgia huko Marekani, miaka ya 1950 na 1960, kwa kuuchanganya ukoka wa kawaida na jamaa yake mwembamba wa Afrika ya Kusini. Naona fahari kulisema hili, kwani mcheza gofu tajiri wa Guangzhou anakanyaga kila siku nasaba ya majani ya bara letu. Basi majani haya, kama asili yake ilivyo, hupenda joto na jua. Udongo usipofika kiasi cha nyuzi 18 za Selsiasi mizizi husinzia, na ukuaji wake ulio bora hupatikana hewa ikiwa kati ya nyuzi 27 na 35. Shiling imelala karibu kabisa na mstari wa Saratani, mahali ambapo jua hukoma safari yake ya kaskazini na kurejea, na mtu angedhani kwamba jua halikosekani. Lakini mwezi wa Machi, kwa hesabu ya saa za jua, ndio mwezi wenye kiza kuliko yote Guangzhou. Ukoka huamshwa usingizini na vuguvugu la hewa, ukatafuta nuru usiipate, na kabla haujajenga mizizi mipya ukafunikwa na maji.

Hapo ndipo madhara yafanyikapo kwa siri. Udongo wenye afya una vijitundu ambavyo vingine hushika maji na vingine hushika hewa. Mvua isiyokatika huvijaza vyote, hewa ikafukuzwa, na mizizi, ambayo nayo hupumua, ikaanza kufa kutoka chini kwenda juu. Jani haliarifu msiba huo, kwa kuwa bado lina akiba ya chakula na maji tele karibu na shina, hivyo huendelea kuwa kijani kwa wiki kadhaa. Likifika jua kali la Juni na Julai, mizizi iliyobaki urefu wa kucha haiwezi kuyafuata maji yaliyoshuka chini, na kiwanja kikaungua kwa siku chache. Watu hulilaumu jua, nalo halina hatia. Taksiri ilikwisha kutendeka Machi na Aprili.

Kwa hiyo mkaguzi wa kweli huanza na kisu. Hukata kipande cha udongo kwenye grini, yaani eneo la majani mafupi lizungukalo shimo, kina cha kiganja, akakiweka mkononi na kuitazama mizizi: je, ni myeupe na yenye kushikamana, au ni rangi ya kahawia na hukatika ikivutwa? Kisha hukinusa. Udongo uliokosa hewa kwa muda mrefu hufanya tabaka jeusi vidole vichache chini ya uso, na tabaka hilo hutoa harufu ya mayai viza, kwa sababu vijidudu viishivyo pasipo hewa huigeuza salfa iliyomo kuwa gesi yenye uvundo. Pua katika kazi hii haina mshindani, nami nimewaona watu wa makamo, wenye miaka mingi katika utunzaji wa viwanja, wakipiga magoti mvuani na kunusa donge la udongo kwa makini yale yale ambayo mfanyabiashara wa Unguja hunusia karafuu.

Baada ya hapo hutazama maji, na wakati bora wa kuyatazama ni saa chache baada ya mvua kubwa, ingawa ndio wakati ambao wengi hawapendi kutoka nje. Dimbwi lililokauka kabla ya siku ya pili halina neno. Dimbwi lililopo siku ya tatu linatoa habari: ama bomba la chini limeziba kwa matope na mizizi ya miti, ama udongo umeshindiliwa na magari, ama mtaro wa nje umejaa na maji hayana pa kwenda. Grini zilizojengwa kwa kanuni ya chama cha gofu cha Marekani, iliyotangazwa mwaka 1960, huwa na mchanga wa kina cha sentimeta 30 juu ya changarawe ya sentimeta 10, na mabomba chini yake. Maji yakituama juu ya grini ya namna hiyo, ujenzi hauna lawama, lawama ni ya matunzo. Uwanda mpana baina ya shimo na shimo aghalabu haukupewa gharama hiyo, umeachwa na udongo wake wa asili, nao ndio uumiao zaidi. Kwenye mashimo ya mchanga mkaguzi hutafuta michirizi ya udongo iliyoporomoka kutoka kingoni, kwa sababu mchanga ulioingiliwa na matope hauchuji tena, hata ukitifuliwa kila asubuhi. Na chini ya miti hutafuta utando wa kijani mweusi, ule mwani utelezao, ambao huota pale majani yalipokufa kwa kukosa nuru.

Yote hayo yanajulikana, na vitabu vyake vipo. Linaloniuma ni kwamba ujuzi huo hauna mamlaka. Mtunza kiwanja anajua alfajiri kwamba uwanda haubebi gari, anajua kwamba mashine ya kukata majani ikipita leo itachora mifereji itakayoonekana mwaka mzima, lakini ufunguo wa lango haumo mkononi mwake. Umo mkononi mwa ofisi, na ofisi inatazama wageni waliokwisha lipa, au shindano lililokwisha tangazwa, au mjumbe mwenye cheo anayetaka kucheza Jumamosi yake. Kanuni za gofu zimemhurumia mchezaji: mpira wake ukianguka katika maji ya muda anaruhusiwa kuuondoa bila adhabu. Hakuna kanuni iliyoyahurumia majani. Nasema waziwazi kwamba uamuzi wa kufunga kiwanja, au kuyazuia magari yasitoke nje ya njia zake, ni haki ya mtu aliyeshika kile kipande cha udongo mkononi, na kamati haina haki ya kuutengua.

Wachina wana sababu ya ziada ya kuyachunga mambo haya. Serikali yao ilikataza mwaka 2004 ujenzi wa viwanja vipya, kwa ajili ya kuhifadhi mashamba na maji, na mwanzoni mwa 2017, baada ya kuvihesabu viwanja 683, ikatangaza kwamba 111 vimefungwa. Kilichobaki ni amana inayohojiwa, maana mbolea iliyomwagwa mvuani kwa pupa ya kuleta kijani haikai kiwanjani, huteremka mtoni.

Na sisi je? Masika yetu hushuka Machi hadi Mei, majira yale yale, na viwanja vyetu havifanani hata kidogo, jambo ambalo wasimamizi wetu hulisahau wanapoigizana ratiba. Kiwanja cha Mombasa, chenye umri wa zaidi ya karne, kimekaa juu ya jabali la matumbawe kando ya bahari, na jabali hilo hunywa maji upesi. Kile cha Gymkhana ya Dar es Salaam kiko chini, karibu na ufuko, ambako maji ya mvua hayana mteremko wa kuyakimbiza. Kile cha Kitante mjini Kampala kimo bondeni na hupokea maji ya vilima vya jirani kitake kisitake. Na sehemu za Nairobi zina udongo mweusi unatao, ambao huvimba mvuani na kupasuka kiangazi, ukawa ni udongo wa kusubiriwa kuliko wote. Kufungua viwanja hivi vyote siku moja baada ya mvua moja ni kukosa insafu.

Ninachokitaka kwa klabu zetu hakina gharama kubwa, na wakati wake ni sasa, kabla ya vuli. Kila klabu iwe na kipimo cha mvua na daftari, na humo iandikwe kila siku mvua imenyesha milimeta ngapi, na kwa kila shimo maji yalituama kwa muda wa saa ngapi. Mabomba na mitaro isafishwe ardhi ingali kavu, si mafuriko yakiwa mlangoni. Vibarua wanaozibua mitaro hiyo, ambao majina yao hayaonekani katika ubao wowote wa dhahabu ukumbini, waulizwe kila sehemu inayozama, maana wanazijua zote. Na mkutano mkuu ujao upitishe azimio la sentensi moja, litakalobandikwa langoni, kwamba mtunza kiwanja akifunga, kimefungwa, awe anayebisha hodi ni mwenyekiti au ni waziri.