BARAZANI KWETU: Rover 75 na Pauni Nane za Kila Siku



Mwezi huu kijana wetu ametutaka rai, nasi tumeona tumjibu hapa barazani badala ya mezani, kwani twajua si nyumba yetu pekee yenye mjadala huu. Anataka tuliuze gari letu kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kisha atuchukulie jipya kwa mkopo. Gari lenyewe ni Rover 75 ya dizeli ya mwaka 2003, tuliyoinunua mwaka 2011 kwa pauni 1,400 taslimu. Tulihesabu noti mbele ya muuzaji, na deni likaishia hapo hapo.

Sisi tuliokulia pwani tulilijua jina la Rover utotoni kwa Landrova ya serikali, iliyokuja kijijini na kutuachia vumbi. Kwa hiyo tulipohamia hapa Birmingham tulistaajabu kulisikia likitajwa kwa kicheko. "Gari la wastaafu," wakisema. Naam, sasa nasi tumestaafu, hatuna la kujitetea.

Kicheko hicho kina chanzo chake. BMW ya Ujerumani iliinunua Rover mwaka 1994, ikagharimia kuundwa kwa gari hili, ambalo umbo lake lilichorwa chini ya uongozi wa Richard Woolley. Lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Oktoba 1998, katika maonyesho ya magari papa hapa Birmingham. Siku ile ile mkuu wa BMW, Bernd Pischetsrieder, akawaambia waandishi wa habari kuwa kiwanda cha Longbridge kimo hatarini. Ikawa kama bwana harusi anayetaja talaka naye bado hajainuka kwenye zulia la nikaha! Watu wakazungumza hatari, gari likasahauliwa. Mwaka 2000 BMW wakaiuza kampuni kwa pauni 10, na utengenezaji wa 75 ukahamishwa kutoka Cowley, Oxford, ukaja Longbridge. Aprili 2005 kampuni ikaanguka, na wafanyakazi zaidi ya 5,000 wakapoteza kazi. Nani angelisifu gari la kampuni iliyokufa?

Tena kulikuwa na ugonjwa wa gesketi ya silinda hedi. Ugonjwa huo ni wa kweli, lakini uliiandama hasa injini ya petroli ya lita 1.8. Ya dizeli ni injini ya BMW, na ndani yake mna mnyororo mahali ambapo injini nyingine hutumia mkanda wa kubadilishwa kila baada ya muda. Wasemaji hawakupambanua; walimhukumu ndugu kwa kosa la nduguye. Ndiyo maana sisi tulilipata kwa bei ile, basi pengine tungewashukuru.

Na humo ndani! Saa za dashibodi ni za umbo la yai, rangi ya maziwa yaliyoiva, na pembeni pana mbao. Springi zake ni laini, halijidai kuwa gari la mashindano. Dada yetu mkubwa ana maradhi ya magoti. Tulipompeleka mazishini London, mwendo wa maili 120 hivi, alishuka bila ya kuguna, akauliza kama tumefika kweli. Katika gari jipya la kijana wetu, lenye matairi mapana na viti vigumu kama benchi la shule, huguna tangu mlangoni.

Hata hivyo kijana wetu ana hoja ambayo hatuwezi kuipuuza. Tangu Juni 2021, gari la dizeli lisilofikia kiwango cha Euro 6 likiingia ndani ya barabara ya mzunguko ya A4540 hulipa pauni 8 kwa siku. Kwa hiyo gari lililoundwa Longbridge halikaribishwi bure katikati ya mji wake wenyewe. Tulinung'unika sana, mpaka mwenzetu wa nyumbani alipotukumbusha kuwa mjukuu wetu ana pumu, na kwamba moshi wa dizeli ndio uliosababisha ada hiyo. Hapo tulinyamaza.

Basi jibu letu kwake ni hili. Mjini tutakwenda kwa basi, na kwenye lango la shule ya mjukuu gari hili halitaonekana tena. Litabaki kwa safari za mbali, za arusi na mazishi na za kuwabeba wazee. Ama mkopo wa riba, hukumu yake anaijua, hahitaji tumhubirie gazetini. Mkaguzi wa kila mwaka akituambia kuwa kutu imekula sakafu, tutaliuza siku hiyo hiyo bila ya kubishana.

Kwa wenzetu wenye gari kama hili: mvua hazijashika, fungueni boneti mtazame chini ya waipa. Pana matundu ya kutolea maji, nayo huziba kwa majani. Yakiziba, maji hujaa na kuifikia kompyuta ya injini, na hapo gharama yaweza kupita thamani ya gari zima. Waya mwembamba na subira ya robo saa vyatosha.

Kijana wetu atakuja Jumamosi, asema ni kulipiga picha za kuliuza. Tumemwekea waya na glavu.