Acheni kumsingizia mpiga kura

Kwenye kikao kimoja cha harusi pale Buzuruga, Mwanza, tulipomaliza mambo ya ukumbi na michango, mazungumzo yakaangukia siasa kama ilivyo kawaida. Mzee mmoja, mstaafu wa serikali anayeheshimika mtaani, akamtaja Tundu Lissu, kiongozi wa upinzani, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayefunga mjadala: "Lissu ni mtu safi, ila mtu safi hashindi uchaguzi nchi hii. Mtanzania hapigii kura ukweli. Anapigia kura pilau." Watu wakacheka. Mwenyekiti wa kikao akacheka. Hata bwana harusi mtarajiwa, mwenye shahada na asiye na ajira, akacheka.

Mimi sikucheka. Nilimpa mzee wangu shikamoo nilipofika na nilimuaga kwa heshima nilipoondoka, lakini maneno yale yamenikaa kooni mpaka leo. Yangekuwa yake peke yake ningeyaacha. Tatizo ni kwamba unayasikia kwenye daladala za Kisesa, unayasikia kwa wachambuzi wa redioni, unayasikia kwa mhadhiri na kwa muuza dagaa wa Mwaloni. Kwamba kiongozi wa upinzani mwenye misimamo atashangiliwa, ataombewa, atasindikizwa kwa pikipiki, lakini kura hapati, kwa sababu mpiga kura ni mtu wa tumbo.

Huo ni uongo, na ubaya wake unazidi unaposemwa Mwanza, mji ambao ulishaukanusha wenyewe kwa kura zake.

Tukumbushane mwaka 2010. Jimbo la Nyamagana lilikuwa la Lawrence Masha, Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi. Ilemela ilikuwa ya Anthony Diallo, aliyewahi kuwa waziri na mwenye Star TV na Radio Free Africa, vyombo vilivyokuwa vikisikika katika kila nyumba ya mji huu. Kama kuna majimbo mawili Tanzania nzima ambako pilau, fulana, khanga, gari na muda wa hewani vilikuwa upande mmoja, ni haya. Upande wa pili, Nyamagana, alikuwapo Ezekia Wenje, kijana ambaye wengi walikuwa hawajamsikia, na ambaye aliwekewa pingamizi la uraia hata ikabidi Tume ya Uchaguzi imrejeshe kwenye kinyang'anyiro. Ilemela alikuwapo Highness Kiwia. Wote wawili wa Chadema, chama cha upinzani. Wote wawili walishinda.

Watu wa Mabatini, Igogo na Kirumba walikesha wakidai matokeo yatangazwe. Mtu aliyenunuliwa kwa sahani ya chakula hakeshi barabarani kulinda kura yake. Akishakula, anakwenda kulala.

Naulizwa mara nyingi kama ushindi ule haukuwa wa kikabila tu, maana ndivyo tunavyoambiwa: watu wa ziwa wanampigia mtu wa kwao. Basi mwenye hoja hiyo aniambie Wenje alikuwa Msukuma wa wapi. Ni Mjaluo wa Mara. Wasukuma wa Nyamagana walimwacha waziri wakamchukua yeye, tena baada ya kuambiwa kuwa hata Utanzania wake una mashaka.

Nini kiliwashawishi? Chadema ilizunguka Kanda ya Ziwa kwa kampeni yake ya Operesheni Sangara, ikihutubia vijijini na kwenye mialo ambako upinzani ulikuwa haujawahi kukanyaga. Haikwenda na ahadi ya kugawa mabati. Ilikwenda na majina. Tarehe 15 Septemba 2007, pale Mwembeyanga, Temeke, Dk. Willibrod Slaa, padri wa zamani na mbunge wa Karatu, alisoma hadharani orodha ya watu 11 aliowatuhumu kwa ufisadi, wakubwa wa nchi wakiwamo. Alitishiwa mahakama, akasema nendeni. Baadaye Serikali yenyewe ilikiri wizi wa akaunti ya madeni ya nje, EPA, pale Benki Kuu, shilingi bilioni 133. Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu kwa sakata la mkataba wa umeme wa Richmond. Mwaka 2010 Slaa akagombea urais akapata kura zaidi ya milioni 2, zaidi ya robo ya kura zote. Miaka mitano kabla yake, mgombea wa chama hicho hicho alikuwa amepata chini ya asilimia 6. Helikopta walikuwa nayo tangu 2005. Kilichoongezeka ni ukweli uliosemwa kwa jina la mtu, na mtu wa kuusema ambaye hakuonekana kuwa na bei.

Sasa njooni 2015, kwa sababu hapa ndipo wataalamu wa pilau wanapopotea kabisa.

Mwaka ule Chadema ilisikiliza ushauri wao. Iliambiwa usafi haushindi, mtafuteni mtu mwenye pesa na mtandao. Ikamchukua Lowassa, ambaye jina lake lilisomwa Mwembeyanga, ikampa bendera. Slaa akaondoka. Tundu Lissu hakuondoka. Alibaki na akampigia debe, na hilo ni doa lake ambalo wanaompenda hawapaswi kulifunika. Kila kitu ambacho wenye "siasa halisi" huwa wanadai kilipatikana: pesa, jina kubwa, waliokuwa mawaziri, umati wa kutisha. Nini kilitokea Mwanza? Nyamagana ilikwenda. Ilemela ikaenda. Yote mawili yalirudi CCM, chama tawala, kwa Mabula wawili, Stanslaus na Angeline.

Kwa maneno mengine, Mwanza iliichagua Chadema ilipokuwa na misimamo na haina kitu, ikaiacha ilipokuwa na kila kitu na haina misimamo. Nalisema hili kila ninapopata nafasi na sijapata mtu wa kunijibu.

Wananitajia Magufuli, mgombea urais wa CCM, kwamba alikuwa mtoto wa Chato na watu walimpa kura za nyumbani. Lakini Magufuli alihubiri nini majukwaani mwaka ule? Alihubiri mafisadi. Alihubiri mahakama ya mafisadi. Chadema iliitupa bendera yake yenyewe, CCM ikaiokota na kuipeperusha, halafu tunashangaa kwa nini watu wa Furahisha walimfuata aliyeishika! Wananitajia pia asilimia 39.97 alizopata Lowassa, nyingi kuliko mpinzani yeyote kabla yake. Hizo zilikuwa za vyama vinne vya upinzani, muungano wa UKAWA, vilivyomsimamisha mtu mmoja, za Pemba hadi Kilimanjaro. Na mwenyewe alikwenda nazo wapi? Machi 2019 alirudi CCM. Masha wa Nyamagana, ambaye naye alihamia Chadema mwaka 2015, alikuwa amemtangulia kurudi. Hayo ndiyo mavuno ya siasa halisi.

Nikifika hapo huwa natajiwa 2020: Lissu aligombea, akapewa asilimia 13. Naomba mtazame siku ile ile waliangukia wapi wengine. Freeman Mbowe, mwenyekiti wa Chadema wakati huo na mwanasiasa wa maridhiano kuliko wote, alianguka Hai. Zitto Kabwe wa ACT-Wazalendo, mjanja wa hesabu za siasa, alianguka Kigoma. Chadema ilibakiwa na mbunge mmoja tu wa jimbo nchi nzima. Uchaguzi ambao mwenye misimamo na asiye nayo, mkali na mpole, wanaanguka pamoja kwa mkupuo mmoja hauwezi kutufundisha lolote kuhusu misimamo. Unatufundisha kuhusu mawakala waliozuiwa vituoni na wagombea walioenguliwa kabla ya kampeni.

Oktoba 29, 2025 ndiyo hata sitaki kuijadili kama uchaguzi. Lissu alikamatwa Aprili, akashtakiwa kwa uhaini, na siku ya kura alikuwa mahabusu. Chama chake kilikuwa kimeondolewa kwenye uchaguzi. ACT-Wazalendo ilinyimwa mgombea wa urais. Intaneti ikazimwa, watu wakafa, kisha tukatangaziwa kwamba mgombea wa CCM amepata asilimia 97.66. Na bado kuna mtu mzima anayesimama mbele ya vijana kusema "mnaona, hana mvuto kwa wapiga kura". Utamfungia mtu ndani, kisha umlaumu kwamba hakufika uwanjani?

Kuna hoja nyingine dhaifu ambayo inapendwa sana siku hizi, ya daraja. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kila ukitaja haki unaonyeshwa daraja. Daraja ni zuri, mimi mwenyewe nafurahi kutosubiri kivuko. Lakini daraja lile ni kodi ya yule yule mpiga kura mnayesema ana tumbo tu. Mtu hashukuru kwa kurudishiwa mali yake kana kwamba amepewa zawadi, na wanaofanya kazi ya kushukuru kwa niaba yetu, hawa chawa wa mitandaoni na wasanii wa majukwaani, wanalipwa kwa kazi hiyo.

Tena kuhusu tumbo, hebu tuseme ukweli wa nani mwenye tumbo. Kwa miaka kadhaa sheria ya uchaguzi ya nchi hii iliruhusu kitu kinaitwa takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura bila kuhesabiwa rushwa. Mahakama Kuu ndiyo iliyokifuta, Aprili 2006, baada ya watetezi wa haki za binadamu kwenda kushtaki. Nani alitunga sheria hiyo? Si machinga wa Makoroboi. Ni wabunge. Aliyeandika rushwa kwenye sheria anageuka kumcheka aliyeshikishwa kilo ya sukari.

Na mvuvi wetu ndiye anayedharauliwa kuliko wote. Mwaka 2018 Serikali ilipoendesha Operesheni Sangara yake, kwa jina lile lile, nyavu zilichomwa moto kwenye mialo ya ziwa hili. Nilisimama na watu wa Kayenze wakitazama mitaji yao ikigeuka moshi. Uvuvi haramu ni kweli upo na unamaliza samaki, lakini faini zilizokuwa zikitozwa zilikuwa za kumwangusha mtu asiinuke. Waziri wa operesheni ile alikuwa Luhaga Mpina. Mwaka 2025 Mpina huyo huyo ndiye aliyeletwa kuwa mgombea urais wa upinzani kupitia ACT. Kuenguliwa kwake ilikuwa dhulma na nitaendelea kusema hivyo. Lakini waliomchagua waliamini nini kuhusu mvuvi wa Kayenze? Waliamini kwamba hana kumbukumbu. Kwamba ukimpelekea jina kubwa lililotoka chama tawala atapiga makofi. Ni dharau ile ile ya pilau, safari hii imetoka mdomoni mwa mpinzani.

Wazee wanaotuambia misimamo haishindi wamesahau walikotoka. TANU ilinyimwa usajili katika Jimbo la Ziwa tangu 1954 mpaka 1958. Nyerere aliacha mshahara wa ualimu Pugu mwaka 1955, na Desemba 1957 akajiuzulu Baraza la Kutunga Sheria kwa kuona anapotezewa muda. Bila shaka walikuwapo waliosema kijana huyu ni msomi mzuri ila siasa hazijui. Najua nitatajiwa mkutano wa TANU wa Tabora, Januari 1958, pale alipokubali kura tatu za kikoloni, yaani kila mpiga kura kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Tabora Nyerere alibadili njia. Hakumchukua gavana akamfanya mgombea wake.

Lissu naye si mgeni wa kanda hii. Kabla ya ubunge, akiwa mwanasheria wa LEAT, shirika la wanasheria wa mazingira, alidai uchunguzi huru juu ya wachimbaji wadogo waliodaiwa kufukiwa mashimoni Bulyanhulu mwaka 1996. Alishtakiwa kwa uchochezi. Septemba 2017 alipigwa risasi 16 Dodoma. Januari 2025 aligombea uenyekiti dhidi ya Mbowe aliyekuwa na fedha, mtandao na miaka 20 ya kiti hicho, wajuzi wakatuambia hana hesabu. Alishinda kwa kura 513 dhidi ya 482, na John Heche wa Tarime akamshinda Wenje kwenye umakamu. Wajumbe wale nao ni Watanzania, nao wanakula pilau.

Kwa hiyo mwenye kuamini kwamba mtu huyu hawezi kushinda asitulie kwenye viti vya vikao akitabiri. Na adai jaribio. Jina la Lissu liwe kwenye karatasi ya kura. Wakala wake awe ndani ya chumba wakati kura zinahesabiwa Igoma, Mkolani na Nyakato. Fomu ya matokeo ibandikwe mlangoni jioni ile ile, na intaneti iwake ili tuipige picha. Akishindwa hapo, mimi wa kwanza nitaandika kwamba Mwanza imemkataa.