Likizo ya Mwezi wa Sita: Mnaotaka Shule Zifunguliwe Haraka, Mi Simo

Jamani wadau, hii tabia sasa imezidi. Kila shule zikifungwa mwezi wa sita, hazipiti siku tatu unaanza kuona posti za akina mama, tena wengine mastaa wakubwa tu ambao majina nayahifadhi, wanalia kwamba watoto wamewachosha. Mmoja kapiga picha sebule iliyovurugwa, makochi juu chini. Mwingine, huyu mnamjua kwa mawigi na kucha, kajirekodi amejifungia chumbani anahesabu siku zilizobaki shule zifunguliwe. Laiki zinamiminika, komenti zote "umenisemea dada".

Nimecheka na mimi, nisiwadanganye. Watoto wanachosha. Sukari kilo mbili inaisha kama imemwagwa, mkate hauoni jioni, na ukiuliza nani kavunja kikombe unaambiwa kimejivunja chenyewe. Ila naona ule utani taratibu unageuka kuwa msimamo. Mtu anaongea kabisa kama mtoto wake ni mgeni aliyekaa sana, aondoke. Hapo ndo nimeona nami niseme la kwangu.

Mi naishi Mpanda, ni fundi cherehani, watoto watatu. Mkubwa ni binti, yuko kidato cha tatu, anasoma bweni mkoa wa jirani. Wa pili wa kiume, darasa la sita. Kitindamimba ana miaka mitano na anajiona ndiye mwenye nyumba. Huku kwetu hakuna sehemu za kuwapeleka watoto wakaruke kwenye maputo kwa elfu kumi. Likizo yetu ni nyumbani, shambani na kwa bibi. Na nashukuru Mungu kwa hiyo likizo kuliko posho yoyote niliyowahi kupewa.

Kwa wasiojua Katavi, mwezi wa sita mvua zimeshakata kitambo, vumbi limeanza, usiku kuna kabaridi kanakofanya watoto walale wamebanana bila kuambiwa. Ndio wakati wa mavuno. Mpunga umeshakatwa bonde la Mpimbwe, mahindi yanapukuchuliwa, wenye tumbaku wanasubiri hela zao za soko. Kwa hiyo hata ratiba ya shule na ratiba ya maisha huku zinakutana vizuri, mtoto anafunga shule mikono yake inahitajika.

Sisi huwa tunaenda Usevya kwa mama mkwe. Sasa hapo niwachokoze kidogo mastaa wetu wanaolipa hela ndefu kwenda kupiga picha na twiga. Sisi tunapanda kosta Mpanda, tunapita Sitalike, viboko wamejaa mtoni wanapiga miayo, halafu barabara inakatiza ndani ya Hifadhi ya Katavi. Hifadhi ya tangu 1974, ina kilomita za mraba 4,471, watalii wanaifikia kwa ndege ndogo. Mwanangu wa mwisho ameona tembo kwa nauli ya nusu siti, amepakatwa, mkononi ana karanga. Siku ile dereva alisimamisha gari tembo wavuke, kosta nzima kimya, halafu katoto kakasema kwa sauti "mama, huyo hana haraka kama wewe". Gari zima likapasuka kwa kicheko. Nilinuna mpaka Kibaoni.

Kwa bibi ndo kuna shule yenyewe. Dogo wa darasa la sita, ambaye nyumbani ukimtuma dukani anaugua mguu, kule anaamka kabla ya jogoo kwenda kufukuza ndege na kuchunga mbuzi, kisa bibi kamwita "mume wangu". Binti naye anaitwa "mke mwenzangu", wanapeta mpunga pamoja, wanachambua mchele kwenye ungo, wanaongea mambo ambayo mi mama yake nikisogea yanakatika. Zamani yalikuwa yananiuma. Siku hizi natafuta kazi ya mbali ili waongee.

Na hapa, wadau, naomba mnisikilize vizuri maana ndo sababu hasa ya kuandika.

Mkoa wetu unasifiwa kwa asali ya Inyonga, mchele, migebuka ya Ziwa Tanganyika na viboko. Lakini kuna sifa nyingine ambayo hatuipost. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2015/16 ulionyesha kwamba Katavi, katika kila wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, 45 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito. Tulikuwa wa kwanza nchi nzima. Utafiti wa 2022 ukaonyesha tumeshuka hadi asilimia 34. Ni nafuu, tushukuru, ila wastani wa nchi ulikuwa 22. Maana yake ukikusanya mabinti watatu wa umri wa binti yangu na dada zake, mmoja tayari.

Binti yangu ana miaka kumi na sita.

Sasa niambieni, mi na mtoto wa umri huo, mkoa huu, nitamuonaje mzigo akija nyumbani mwezi mmoja? Akiwa bweni naletewa ripoti ya hesabu na kemia. Hakuna ripoti inayoniambia nani anampigia simu, nani kamwahidi bando, anaota kuwa nani, anaogopa nini. Hayo yanatoka likizo tu, tena hayatoki siku ya kwanza. Wiki ya kwanza ni usingizi na kula. Wiki ya pili anajibu "poa" kwa kila swali. Wiki ya tatu, mko jikoni, umeme umekatika, hamuonani sura vizuri, ndo anasema: "Mama, unamkumbuka yule tuliyekuwa naye darasa la saba? Ana mtoto."

Nilikuwa namenya viazi. Niliendelea kumenya. Akina mama mnaosoma hapa, siku mtoto akianza kuongea hivyo, usigeuke haraka ukamkodolea macho, anafunga. Akasema yule rafiki yake alipewa lifti za bodaboda wakati wa mavuno, chipsi, vijizawadi, jamaa ni mnunuzi wa mpunga, msimu ulivyoisha kaondoka na magunia yake. Akaniuliza kama ni kweli anaweza kurudi shule. Nikamwambia ndiyo, tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu, na nikamwambia akamwambie. Tukaongea mpaka viazi vikaungua. Nilijua mengi usiku ule kuliko mwaka mzima wa kumuuliza "shule inaendaje".

Mtaniambia sheria zipo. Zipo kweli. Ukimpa mwanafunzi mimba ni miaka 30 jela tangu marekebisho ya 2016. Rebeca Gyumi alienda mahakamani kupinga ndoa za watoto, akashinda Mahakama Kuu mwaka huohuo, na Mahakama ya Rufani ikaja kuukubali ushindi wake 2019. Namheshimu sana yule dada. Lakini sheria inafika baada ya jambo kutokea, na hakimu hajui kwamba binti yako siku hizi anapaka mafuta mengine. Mwenye kujua hilo ni wewe, kama mko nyumba moja.

Ndo maana nakasirika kidogo nikiona likizo inatafutiwa kila njia ifutwe. Ikifungwa leo, kesho tuisheni asubuhi mpaka jioni. Wengine wanampeleka mtoto kwa shangazi, kwa mjomba, kwa yeyote mwenye nafasi, ili mama "apumue". Serikali ilipozuia bweni kwa watoto wa darasa la nne kushuka chini mwaka 2023, kuna wazazi waliona wameonewa! Mtoto wa miaka saba, jamani, bado anajikojolea akiota ndoto mbaya, unataka alelewe na kengele?

Najua wapo ambao hawana namna. Jirani yangu hapa Makanyagio analea peke yake, anatoka saa kumi na moja alfajiri kwenda sokoni Buzogwe, likizo kwake ni presha tupu kwa sababu shule ndiyo ilikuwa inamwangalizia watoto. Huyo simsemi. Huyo wake wanashinda kwangu, wanakunywa uji na wangu, jioni anapitia kuwachukua ananiachia fungu la nyanya. Hatujawahi kuandikiana mkataba. Ninaowasema ni wenye dada wa kazi wawili, geti, na muda wa kurekodi video ya kulalamika.

Na akina baba msijifiche nyuma ya hii mada. Baba watoto wangu ni dereva wa fuso, anabeba mchele kupeleka Tabora na kurudi. Yupo nyumbani siku mbili kwa wiki akijitahidi. Likizo hii siku zake mbili aliamua kuwapeleka wale wawili wakubwa stesheni ya reli, akawaonyesha treni, akawaambia babu yao alikuja na reli ile kutafuta kazi enzi za mgodi wa risasi, na kwamba bila ule mgodi huenda Mpanda ingebaki kijiji tu. Hakutumia hata elfu tano. Dogo amelirudia lile somo kwa kila anayeingia ofisini kwangu, hadi wateja waliokuja kupima gauni. Binti kaniambia tu, "Kumbe baba anaongea." Nimecheka, halafu nimeenda uani nikafuta machozi.

Hivi vitu haviwezi kuwa na laiki nyingi, najua. Mtoto anayepeta mchele hatrendi. Lakini nahesabu: binti akimaliza kidato cha nne, tano, sita, halafu chuo, likizo za mwezi wa sita nilizobaki nazo, yeye akiwa bado wangu wa kulala chumba cha pili, ni chache kuliko vidole vya mkono mmoja. Nikishafanya hiyo hesabu, kikombe kilichojivunja chenyewe hakinipandishi tena mori.

Sasa hivi naandika hapa cherehani, wao wako uani wanagombania nani aanike mpunga tuliorudi nao kwa bibi. Magunia mawili bado. Binti kaapa anayamaliza kabla ya kupanda basi Jumapili, dogo kasema yeye kazi yake ni kukoboa kwa meno. Ngoja nikaamue ugomvi, kitindamimba kashachukua fagio.